Kulala bila fukuto Mombasa: mwongozo kamili wa kuchagua godoro, mashuka na mito ya asili

Mwezi wa tatu hauhitaji kuelezwa kwa mtu wa Mombasa. Kaskazi imeshalegea, kusi haijaanza kuvuma, mchana joto linafika nyuzi 32 au 33, na usiku ni nadra kushuka chini ya 24. Hizo 24 zenyewe si tatizo. Bara watu hukaa nazo mchana kutwa bila kulalamika. Kinachotutesa ni unyevu. Joto la hewa likishuka usiku, unyevu hupanda, mara nyingi ukapita asilimia 80, na jasho linalotoka mwilini halina pa kwenda. Mwili hupoa jasho linapokauka, si linapotoka. Likibaki juu ya ngozi umeloa bure.

Kwa hivyo dukani usiulize kama shuka ni la baridi. Hakuna shuka la baridi. Yote yana joto lile lile la duka. Uliza: likipata jasho litalipeleka wapi, na hewa itapita? Pamba, kitani, makumbi ya nazi, sufi na ukindu vyote vina majibu mazuri, ila kila kimoja kina mahali pake kitandani, na kikiwekwa pasipo pake hakisaidii.

Nitaanza chini nipande juu. Wengi huanza na shuka kwa sababu ndilo linaloonekana. Mtu ananunua pamba nzuri, anaitandika juu ya sponji iliyofungwa nailoni, halafu anailaumu pamba.

Hatua ya 1: Toa nailoni, kagua chaga

Godoro jipya huja limevishwa nailoni, na katika nyumba nyingi nailoni hiyo haivuliwi mpaka ichanike yenyewe. Sababu yaeleweka: godoro ni pesa, watoto hukojoa, vumbi haliishi. Lakini amka asubuhi moja ya Machi, nyanyua shuka, upapase pale mgongo ulipokuwa. Utakuta majimaji. Ni jasho lako la usiku kucha, limekosa njia ya kushuka likakungoja hapo hapo. Ivue leo, kabla hujatumia hata shilingi moja kwa kitu kingine.

Ukihofia godoro kuchafuka, mpe fundi cherehani vipimo akushonee mfuko wa pamba nzito wenye zipu upande mmoja, unaotoka na kufuliwa. Kama kuna mtoto anayekojoa, weka kipande kidogo cha plastiki chini ya kiuno chake tu, juu yake taulo la pamba. Hakuna haja ya kufunga futi sita nzima kwa ajili ya futi mbili.

Kisha tazama chini ya godoro. Chaga ziwe na mapengo ya sentimita 5 hadi 7, hewa ipite. Siku hizi mafundi wanapenda kuweka plaiwudi nzima kwa kuwa ni kazi rahisi. Mwambie atoboe matundu ya kutosha, ama atoe abakishe mbao. Vitanda vya droo chini vinapendeza katika picha, lakini pwani ni nyumba ya ukungu. Na anayelaza godoro sakafuni ajue kwamba saruji hushika unyevu: godoro lisimamishwe ukutani kila asubuhi, au angalau litanguliwe na jamvi.

Wazee waliolala vitanda vya kamba walikuwa wamelimaliza jambo hili zamani. Kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, juu yake mkeka, hewa inapanda kutoka chini bila kizuizi. Kasoro yake ni kwamba kamba hulegea katikati na mgongo ukajikunja. Ukikipata kizima, kikaze upya mara kwa mara, nawe utalala vizuri kuliko wengi wenye magodoro ya bei mbaya.

Hatua ya 2: Godoro lenyewe

Sponji ndiyo imejaa madukani. Si mbaya kwa mgongo, hasa ile nzito, lakini huzuia joto, na inavyokukumbatia ndivyo inavyokufunga. Ile inayobonyea pole pole na kubaki na umbo la mwili ndiyo mbaya zaidi kwa mji huu. Muuzaji atakusifia, nawe mwitikie kwa adabu uondoke.

Makumbi ya nazi ndiyo chaguo langu kwa pwani. Nyuzi zake ni ngumu, zimesokotana zikiacha nafasi nyingi kati yake, na mwili haudidimii. Unalala juu ya godoro, si ndani yake. Kuna aina mbili. Ya kwanza ni makumbi yaliyogandishwa kwa utomvu wa mpira yakawa bapa moja, nayo hukaa na umbo lake miaka mingi. Ya pili ni makumbi yaliyojazwa kwa mkono katika gunia la kitambaa na kushonwa vifundo. Hii ni ya bei nafuu zaidi, lakini hujikusanya pembeni na huhitaji kufumuliwa na kujazwa tena. Kwa vyovyote juu pawekwe tabaka la pamba la unene wa vidole viwili, la sivyo nyuzi zitakuchoma kupitia shuka.

Ukienda kwa fundi wa magodoro, mwombe afungue mshono kidogo kabla hujalipa. Ingiza mkono. Makumbi mazuri ni makavu, yana nyuzi ndefu, na hayaachi unga mwingi kiganjani. Yakinuka uvundo, yaache. Makumbi hulowekwa majini au kufukiwa tope miezi kadhaa ili nyuzi ziachane na nyama yake, na yasipooshwa na kukaushwa sawasawa harufu ile haitoki ng'o.

Godoro la pamba tupu ni laini siku za mwanzo, kisha hulala na kugeuka ubao wenye mabonde. Pamba pia ikinywa maji katikati hukawia kukauka. Ukilitaka, lisizidi inchi nne, na uwe tayari kulianika. Godoro la sufi huvimba vizuri, ila hubonyea haraka na hutunza joto la mwili. Mahali pa sufi ni kwenye mto. Katani, ingawa mashamba yake ya Vipingo yako karibu, ni ngumu mno kwa ngozi. Hutumika ndani ya magodoro kama tabaka la kukazia.

Kama huna uwezo wa kubadilisha godoro mwaka huu, usikate tamaa. Hatua inayofuata ni ya wenye sponji.

Hatua ya 3: Tenga mwili na sponji

Tandaza mkeka wa ukindu uliofumwa laini juu ya godoro, kisha shuka moja la pamba juu yake. Basi. Mkeka haunywi jasho, lakini unauzuia mwili kuzama, na kati ya chane za ukindu kuna nafasi ndogo ndogo ambazo hewa hupenya. Chagua wa ukindu, si wa plastiki wenye rangi kali unaouzwa kwa ajili ya pikiniki. Pitisha kiganja pande zote mbili ukitafuta ncha zinazojitokeza, hasa kwenye maungio ya shupatu, ile mikanda iliyosukwa na kushonwa pamoja. Mkeka mpya ufute kwa kitambaa chenye maji, uache kivulini ukauke. Jua kali huufanya ukakamae na kukatika.

Asiyeweza kuvumilia ugumu wa mkeka atumie tandiko la pamba lililoshonwa kwa mistari, jembamba. Hilo linafulika, na ni zuri zaidi kwa wazee wenye ngozi nyepesi.

Hatua ya 4: Mashuka, na hapa tukae kidogo

Nyuzi kwanza. Katika hali ya kawaida pamba hushika unyevu wa takriban asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake, kitani karibu 12, poliesta haifiki hata 1. Ndiyo maana shuka la poliesta, hata likiwa jepesi kiasi gani, hukugandama: jasho linabaki kati yake na ngozi. Yale mashuka laini ajabu, yasiyokunjika, yanayouzwa yamefungwa pamoja na foronya zake kwa bei ya kutupa, kwa kawaida ni poliesta ya nyuzi nyembamba sana. Ulaini wake ndio mtego.

Kitani ndicho bora kuliko vyote kwa joto. Nyuzi zake ni nene na ngumu kidogo, kitambaa hakilali bapa juu ya ngozi, na hukauka haraka. Mmea wake hulimwa zaidi Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi, kwa hivyo kikifika hapa kipya bei yake hushtua. Hujikunja vibaya, ukitaka kitanda kisicho na kunyanzi hakikufai.

Pamba ndiyo ya wengi, na tofauti kati ya pamba na pamba ni kubwa. Tazama kwanza ilivyofumwa. Ufumaji wa kawaida, uzi wa mshindio (wa upana) ukipita juu ya mmoja na chini ya mmoja wa mtande (wa urefu), hutoa kitambaa kikavu, chepesi, kisicho na mng'ao, mfano poplini. Hicho ndicho unachotaka. Satini ya pamba hurusha uzi juu ya nyuzi tatu au nne ndipo ushuke. Inateleza na inang'aa, lakini ni nzito na hujilaza mwilini. Iache kwa ajili ya usiku wa arusi.

Halafu kuna ile namba inayoandikwa kwenye pakiti, idadi ya nyuzi katika inchi moja ya mraba. Kati ya 180 na 300 inatosha kabisa. Ukiona 800 au 1000, ama kitambaa kimebanwa mpaka hewa haipiti, ama kiwanda kimehesabu kila kijiuzi ndani ya uzi uliosokotwa. Kipimo changu ni rahisi: nyanyua tabaka moja la kitambaa kwenye mwanga wa mlango. Ukiona nuru ikichungulia sawasawa kote, chukua. Kisha weka mdomoni upulize. Pumzi ipite upande wa pili.

Biashara Street ndipo pa kuanzia kwa kitambaa cha kukata. Mazungumzo huwa mafupi.

"Ami, hii ni pamba tupu?"

"Pamba tupu, mwanangu. Hata mimi nalalia hii hii."

Huenda ni kweli. Omba kipande cha pembeni, nenda nacho nyumbani ukipime kabla ya kununua nyingi. Chomoa nyuzi chache za urefu na chache za upana, kwa sababu kuna vitambaa vyenye pamba upande mmoja na poliesta upande mwingine. Zisokote, zishike kwa kibanio juu ya sinki, uziwashe. Pamba huwaka upesi, hunuka karatasi iliyoungua, na jivu lake ni la kijivu, laini, likiguswa linakuwa unga. Poliesta huukimbia moto, huyeyuka, hunuka plastiki, na huacha tone jeusi gumu usiloweza kulivunja kwa vidole. Ukipata jivu lenye punje ngumu ndani, ni mchanganyiko. Mchanganyiko wenye pamba nyingi unavumilika kipindi cha kusi, Machi hapana.

Kipimo cha tone la maji, yaani kutazama kama kitambaa kitalinywa, watu hukisifu, ila kwenye kitambaa kipya hudanganya. Pamba mpya imetiwa kanji na tone huteleza juu yake. Fua kwanza, ndipo ujaribu.

Ununue kiasi gani? Chukua kitanda cha tano kwa sita, yaani sentimita 152 kwa 183, na godoro la inchi nane, kama sentimita 20. Upana ni 152, ongeza 20 mara mbili za pembeni na 15 mara mbili za kuchomeka chini: 222. Urefu kwa hesabu hiyo hiyo ni 253. Kitambaa cha upana wa inchi 90, takriban sentimita 229, kinaenea bila kuungwa, lakini pamba hurudi kama asilimia 3 hadi 5 ikifuliwa, kwa hivyo kata mita 2.75, ukiloweke na kukianika kabla ya kukipeleka kwa fundi. Upana nao utapungua kidogo. Uchomekaji ndio utakaoumia, si kitanda. Usishangae muuzaji akikuuliza kwa upole kama kuna msiba, kwa maana pamba nyeupe isiyo na maua ndiyo hiyo hiyo watu wanayonunulia sanda. Mwambie ni ya mashuka tu, mcheke kidogo, muendelee.

Soko la Kongowea ni upande mwingine wa hadithi. Kwenye marundo ya mitumba ya mashuka kuna pamba na kitani ambazo dukani zingekugharimu mara nyingi zaidi, tena zimeshafuliwa mpaka zikalainika. Tatizo ni kwamba lebo zimeandikwa kwa lugha za kila mahali. Pamba utaiona kama "cotton", "coton" kwa Kifaransa, "cotone" kwa Kitaliano, "algodón" kwa Kihispania, "Baumwolle" kwa Kijerumani, "katoen" kwa Kiholanzi, "bomull" kwa Kiswidi. Kitani huitwa "linen", "lin", "lino" au "Leinen". Ukiliona neno linaloanza na "poly", rudisha. Lebo ikiwa imekatwa, kunja pembe ya shuka ngumini kwa nguvu uhesabu mpaka kumi: pamba na kitani hutoka na mikunjo ya wazi, poliesta hujinyoosha kana kwamba hakuna lililotokea. Kagua katikati ya shuka dhidi ya mwanga, maana ndipo linapochakaa kwanza.

Kuhusu mashuka "ya mwanzi" yanayosifiwa sana mitandaoni: mwanzi huo umeyeyushwa kwa kemikali na kugeuzwa viskosi. Si kitambaa kibaya, hunywa jasho vizuri na ni baridi mkononi, lakini kikiloa hudhoofika, na kwa ufuaji wetu hakidumu. Hariri ipite, jasho huacha madoa, na maji yetu yataimaliza.

Hatua ya 5: Mto

Kichwa hutoa jasho jingi, na mto wa sponji chakavu ndio huo unaougeuza mara nne usiku ukitafuta upande mkavu. Sufi ndiyo jibu la hapa kwetu. Uzi wa sufi una uwazi ndani uliojaa hewa, na nje una nta asilia, kwa hiyo hauloi kirahisi. Ndiyo sababu zamani ilijazwa katika majaketi ya kuokolea baharini. Mto wa sufi huwa mkavu hata usiku wa masika.

Unaponunua, bonyeza mto kusikia kokwa. Sufi iliyochambuliwa vizuri haina mbegu wala vipande vya ganda. Usikubali mto uliojazwa mpaka ukawa jiwe. Theluthi mbili zatosha, kichwa kipate kutulia na hewa ibaki ndani. Kwa mwenye pumu, vumbi la sufi huweza kumsumbua. Yeye ajaziwe pamba, ndani ya mfuko wa kitambaa kilichofumwa kwa kubana, na juu yake foronya. Sufi pia hushika moto upesi sana: uiweke mbali na dawa ya mbu ya kuwasha, na mshumaa stima zikipotea.

Foronya ziwe nyingi kuliko mashuka. Kubadilisha foronya kila siku ya pili kunasaidia kuliko kununua mto wa bei.

Hatua ya 6: Cha kujifunika

Duveti ni vazi la watu wa baridi. Mombasa cha kujifunika kipo tayari kabatini: leso. Leso moja ya pamba ina takriban mita 1.5 kwa 1.1, ukiziunga mbili za doti moja kwa ule upande mrefu unapata shuka la mita 1.5 kwa 2.2, linalomtosha mtu mmoja. Ila leso nazo siku hizi si zote pamba. Nyingine ni poliesta yenye rangi kali, na nyingine rangi imemwagwa nene upande mmoja mpaka imeziba vitundu. Geuza nyuma: rangi nzuri hupenya. Kikoi nacho chafaa, hasa kwa anayependa uzito kidogo miguuni. Mwezi wa saba na wa nane, usiku ukishuka mpaka nyuzi 20 au 21, ongeza blanketi jembamba la pamba iliyofumwa kwa matundu.

Chandarua usikiguse. Vile vyenye dawa ni vya nyuzi za viwandani, na hapo sina ugomvi: mbu ni mbu. Kitundike juu na kwa upana, kisikugusie mwili, na feni ielekezwe ipulize kutoka pembeni. Kikifuliwa, ni kwa sabuni ya kawaida, kikaanikwe kivulini.

Hatua ya 7: Kufua na kuanika

Hapa ndipo kazi yote huharibika. Nyumba nyingi kisiwani na Kisauni hufua kwa maji ya kisima yenye chumvi. Chumvi ikibaki katika kitambaa huvuta unyevu wa hewa usiku, na shuka la pamba ulilolianika likakauka kau saa tisa linakuwa bichi saa nne usiku. Fua kwa maji ya kisima ukipenda, lakini suuza la mwisho liwe la maji matamu, hata kama ni ndoo moja ya kununua kwa mkokoteni. Acha vilainishi vya dukani. Huivisha pamba utando unaoizuia kunywa jasho. Kanji ibaki kwa kanzu.

Mito na godoro anika kila wiki mbili tatu, saa nne mpaka saa nane mchana, ukigeuza, na uingize ndani kabla ya jua kutua, hewa ya jioni isije ikarudisha unyevu. Sufi ipigwe kwa kiganja ikiwa bado moto, huvimba tena. Wakati wa masika, siku zisizo na jua, simamisha godoro ubavu na uliwashie feni.

Kunguni hupenda mishono na vifundo vya magodoro ya kushonwa kwa mkono, na matundu ya kitanda cha kamba. Wao na mayai yao hufa kwenye joto la nyuzi 50 kwenda juu wakikaa humo muda wa kutosha, kwa hivyo mashuka na foronya yachovye maji yanayochemka, na mbao za kitanda zimwagiwe. Jua peke yake haliwafikii ndani ya godoro nene. Hapo ule mfuko wa zipu wa hatua ya kwanza unawafungia nje, au ndani mpaka wafe njaa, jambo linaloweza kuchukua miezi mingi.

Godoro la makumbi lililoota ukungu mpaka katikati halisafishiki. Bakisha kitambaa cha nje ukichemshe, makumbi yapeleke shambani yafunike shina la mnazi au mgomba, ambako yatahifadhi maji ya mvua vizuri kuliko yalivyokuwa yakikuhifadhia jasho.